Ya Msumeno na ya Mshono

Kwanza tuelewane: yule bwana hakuwa na tamaa. Nalisema mapema kwa sababu wapo majirani waliokuja kumjulia hali, wakanywa chai, wakaongezewa na ya pili, halafu walipofika nje ya mlango wakaanza kunong'onezana: tamaa mbele, mauti nyuma. Wakome! Mwenye tamaa ya fedha haombi kupumzika. Huyu aliomba kupumzika kila siku ya Mungu, ila hakutaka apumzike yeye halafu mkewe na bintiye walale njaa.

Alikuwa seremala. Wenzake wa karakana walimwita Milimita, kwa sababu mlango ukigoma kufunga kwa unene wa ukucha tu, yeye anaushusha wote na kuanza upya, huku tajiri mwenye karakana anafoka. Mkewe alikuwa fundi cherehani, na mtaani alijulikana kwa jina la Bi Pindo. Sare ya shule aliyoishona yeye ilikuwa na pindo la kukunjwa mara mbili. Mtoto akirefuka linafumuliwa, akirefuka tena linafumuliwa, mpaka mzazi anasahau alinunua kitambaa kwa bei gani. "Nguo ikikatwa fupi ndiyo basi tena," alipenda kusema. "Ndefu ina dawa."

Mwaka ule kifua cha Milimita kilipoanza kumsumbua, daktari alimwonyesha picha ya mapafu yake na kumwambia bila kuzunguka: vumbi la mbao limeshaweka makazi humo na halitatoka. Kinachowezekana ni lisiongezeke. "Toka kwenye vumbi, mzee wangu. Mapema."

Mapema! Neno tamu hilo, akilisema mtu mwenye mshahara wa uhakika. Mume na mke walirudi nyumbani. Milimita hakuvua hata viatu. Alifungua kabati la nguo, kabati alilolitengeneza mwenyewe walipooana, akachomoa penseli sikioni, na upande wa ndani wa mlango akaanza kuandika. Chakula. Maji na umeme. Ada ya binti, chuo chote mpaka amalize. Matumizi ya mama mkwe. Misiba na harusi, maana hizo hazipigi hodi. Bi Pindo alikuwa kitandani anakunja nguo. Mume anauliza, mke anataja, penseli inaandika.

"Dawa za mama, kwa mwezi?"

Akataja.

"Nguo na viatu?"

"Nguo nashona mwenyewe, niulize viatu." Akataja.

Chini kabisa ikatoka jumla. Hiyo ndiyo akiba waliyohitaji ili, pamoja na kodi ya vyumba viwili vya uani watakavyovijenga, familia iishi bila yeye kushika randa tena. Namba yenyewe ilikuwa ndefu mpaka wakacheka, kicheko cha kukata tamaa.

"Hii si namba," alisema Milimita. "Huyu ni mgeni wa heshima. Tumsubiri."

Tangu siku hiyo namba ikaitwa Mgeni. Kila mwisho wa mwezi Milimita aliandika chini yake walichofikisha, na Bi Pindo akauliza, "Mgeni kafika wapi?" Naye anajibu, "Yuko njiani." Mke anamalizia, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," wanacheka. Walicheka mwaka wa kwanza, wakacheka wa pili. Mwaka wa tatu swali likaulizwa na kicheko hakikuja.

Kwa sababu kikohozi kilikuwa kinakimbia kuliko akiba. Bi Pindo alikuwa anamsikia mumewe anarudi kabla hajakata kona. Wakitoka pamoja, yeye ndiye aliyesimama kila baada ya hatua chache, anainama, anajifanya kamba ya kiatu imelegea, ili mwanamume apate kuvuta pumzi bila kuomba. Viatu vyenyewe siku nyingine havikuwa na kamba. Milimita aliona, akashukuru kwa kushika ukuta na kutazama pembeni.

Siku moja mama wa watu uvumilivu ulimshinda. Alizima cherehani, akamfuata uani alikokuwa anakagua paa la chumba cha pili, lililokuwa halijamaliza hata mwezi.

"Baba, tuache. Basi. Tutakula kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo tu."

"Nitajie. Mimi sikati ubao kwa kukisia, na nyumba yangu siwezi kuikata kwa kukisia. Nikiacha leo, mwakani ikapungua, nani atanirudisha kazini na kifua hiki? Ada ya mtoto tutamlipa mkuu wa chuo kwa kicheko?"

Hebu na wewe mjibu. Mtu anayeuliza kiasi gani huwezi kumjibu kwa machozi. Bi Pindo alirudi kwenye cherehani, akashona mkono wa kushoto wa blauzi mahali pa mkono wa kulia, akaufumua.

Ndipo tajiri akapata kazi ya hoteli. Milango ya hoteli nzima, malipo ya ziada kwa atakayekubali chumba cha mashine, kule ambako unga wa mbao unaelea mpaka taa inaonekana ya njano. Barakoa ziligawiwa siku wakaguzi walipopita, zikakusanywa wakaguzi walipoondoka. Milimita alikuwa wa kwanza kujiandikisha. "Hii ndiyo itakayomleta Mgeni mpaka mlangoni," alimwambia mkewe. Bi Pindo alilia, alinuna, aligoma kupika siku nzima. Yote hayo yalikuwa maji juu ya mgongo wa bata. Milango iliisha, ikafunga vizuri yote bila hata mmoja kugoma, na Milimita akarudishwa nyumbani ameshikwa huku na huku na wenzake wawili.

Safari hii daktari hakusema mapema. Alisema mashine ya hewa, ya kukodi, iwake mchana na usiku. Ilikaa sebuleni kando ya kiti, inanguruma, mpira wake ukipanda mpaka puani kwa Milimita. Kodi ya mashine ilitoka wapi? Kwenye akiba. Mgeni aliyekuwa amebakiza hatua chache alianza kurudi alikotoka, na kila asubuhi mgonjwa aliuliza habari zake kabla hajauliza chai. Hakulala. Alihema na kupiga hesabu.

Mashine haikutakiwa kukaa sakafuni, inavuta vumbi. Milimita akaamua iwe na meza yake. Yeye angepima akiwa kitini, mkewe angekata. Bi Pindo alishika msumeno, akaweka ubao juu ya stuli, akaupigia alama.

"Hapo hapana," alisema Milimita. "Weka ya msumeno."

"Si umesema hapa?"

"Msumeno nao... unakula, mama. Ukikata bila kuweka... ya kuliwa, kipande kinatoka kifupi." Alipumzika kidogo, akatabasamu. Kufundisha kulimpa uhai. "Kila kitu duniani kina ya msumeno. Hata Mgeni nilimwekea yake."

"Ulimwekea wapi?"

"Kila mstari. Ulikuwa unanitajia... naongeza kidogo, naandika. Na kwenye jumla nikaongeza tena."

Msumeno ulibaki umekaa juu ya ubao. Bi Pindo naye alikuwa na lake. Jioni ile anakunja nguo kitandani, kila alichotaja alikuwa amekiwekea pindo. Chakula alikitaja kirefu. Dawa za mama yake alizitaja ndefu. Ada, viatu, maji, vyote. Nani anataja kitu bila kuacha nafasi ya mshono? Hakumwambia mumewe, kama ambavyo hamwambii mteja. Ndiyo kazi ilivyo.

"Ngoja nikatazame sufuria," alisema. Jikoni hapakuwa na sufuria motoni. Aliingia chumbani, akafunga mlango, akafungua kabati, na kwa chaki yake ya kushonea akaanza kumfumua Mgeni.

Alianza na chakula. Alijua wanakula cha kiasi gani hasa, nani angejua kama si yeye? Akatoa pindo lake, kisha akatoa ya msumeno. Akaenda kwa maji, kwa ada, kwa dawa, mstari kwa mstari, anafumua. Alipofika chini, Mgeni alikuwa amenywea, mtu wa kawaida kabisa. Akashuka kwa kidole kwenye akiba ya kila mwezi, taratibu, akiomba kidole kifike mwisho wa mlango bila kukutana na kiasi hicho.

Hakikufika. Kilisimama katikati, mwezi walioezeka chumba cha pili. Kabla ya hoteli. Siku ile aliposema tuache, akaulizwa kidogo kiasi gani, akarudi kwenye cherehani, hakukuwa na haja ya kula kidogo. Walikuwa wameshafika. Mgeni alikuwa ameketi ndani, wao wanamsubiri barabarani.

Bi Pindo alikaa chini, mgongo kwenye kitanda. Alijichukia. Akamchukia na mumewe, kidogo, kisha akamwonea huruma, kisha akajichukia tena. Yowe lilimpanda mpaka kooni, akauma upande wa khanga, kwa sababu ukuta wa chumba kile ni mwembamba na mwenye kifua hatakiwi kushtuka. Na fedha zilizozidi, zile za pindo na za msumeno, ndizo sasa zilizokuwa zinalipia mashine. Zingeitosha kwa muda. Hata hilo aliliona, na halikumsaidia chochote.

"Mama!" Sauti ilitoka sebuleni, nyembamba. "Umepotelea wapi?"

Alifuta chaki kwa kiganja. Chaki ya fundi cherehani haina ubishi, ukiipangusa inatoka. Alijikaza kisabuni, akatoka.

Milimita alimtazama usoni. "Umekwenda kumtazama Mgeni."

"Ndiyo."

"Ameenda mbali?"

Akauona mkono wa mumewe juu ya kiti, vidole vinahesabu vyenyewe. Ukweli ulikuwa hapo, ulimini. Angeusema, na huyu bwana angekaa na mashine yake mpaka siku ya mwisho akijua kila mlango wa hoteli ile ulikuwa wa bure.

"Amefika," alisema Bi Pindo.

"Amefikaje?"

"Nilikuwa na zangu. Sandukuni, chini ya vitambaa. Za kushona. Nimezijumlisha sasa hivi."

Milimita alicheka mpaka mpira ukamtoka puani, mkewe akaurudisha. "Bi Pindo! Wewe hukosi pindo!" Alihema, akatulia. "Amefika lini?"

"Leo."

"Leo." Aliegemea nyuma, na kwa mara ya kwanza tangu arudishwe, mabega yake yalishuka. "Unaona sasa? Ningekusikiliza siku ile kule uani... tungekata fupi."

"Kweli," alisema mkewe. "Tungekata fupi."

Milimita akataka akamwone Mgeni kwa macho yake. Bi Pindo alimshika kiunoni, wakaenda hatua ndogo ndogo, mpira ukiburuzika nyuma yao, na njiani mama akainama mara moja kufunga kiatu. Mbele ya kabati Milimita aliomba penseli na rula. Akaandika tarehe ya leo chini ya Mgeni, akaipigia mstari ulionyooka.