Mfasiri wa Sinema ya Mwisho wa Dunia

Jumapili ile ya mwaka 1955 watu wa landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli pale Nakuru, walijaa ukumbini tangu saa nane. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi ili giza liingie, na Nicodemus Makokha, karani wa vifurushi pale stesheni, akasimama kando ya kitambaa cheupe na kipaza sauti chake cha bati mdomoni. Sinema ilikuwa ya Kizungu, na bila Nicodemus hakuna ambaye angeambulia kitu. Mzungu msimamizi wa ukumbi alikuwa amemwonya mapema: "Yule mwenye handaki ni mtu wa busara. Uwaambie hivyo."

Busara! Kwenye sinema hiyo dunia imeteketea kwa bomu, bwana mmoja amejifungia handakini na maji na makopo ya nyama ya kumtosha mwaka mzima, jirani yake yuko nje na mtoto begani anagonga mlango, na yeye ameketi anatafuna. Hiyo ndiyo busara ya kufundishwa watu Jumapili, tena wametoka kanisani!

Ila Nicodemus mwenyewe hakuwa na uso wa kumlaumu mtu. Saa sita mchana Wariara, jirani yake wa mlango wa pili, alimkuta akipiga shati pasi. Ilikuwa Emajensi, ile hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau, na Wakikuyu wa landi walikuwa wakipakiwa kwenye malori na kupelekwa kambini.

"Leo ni zamu yetu," Wariara akasema. "Mimi nitaenda. Lakini Baba Milcah, nibakizie mwanangu Njoki. Dada yangu amezika watoto wawili kule kambini, homa tu. Huyu anakula kwako, analala kwako, Kibukusu chenu anakisema kumshinda Milcah wako. Nani atajua?"

Landi nzima ingejua. Neno moja tu kwa askari, basi kazi imekwenda, nyumba imekwenda, na yeye yuko ndani. Akamjibu, "Ngoja sinema iishe." Lo! Mtu anakuomba uhai wa mwanawe, nawe unamwambia angoje sinema.

Sasa ukumbini zilikuwa kelele za kubomoa paa. "Mfungulie, mwanaharamu wewe!" "Huyu hakuzaliwa na mama?" Owuor, fundi wa mabehewa, alikuwa amepanda juu ya benchi, anamtishia ngumi yule wa handaki. Owuor huyo huyo! Wiki iliyopita tu alimwonyesha askari kwa kidole mlango wa Wachuka muuza uji, mwenyewe akapakiwa lorini, na jioni yake Owuor akahamishia meza ya Wachuka nyumbani kwake. Ile habari ya busara Nicodemus akaiacha hapo hapo.

"Owuor, shuka!" akanguruma kwenye bati. "Unamtukana nani? Wewe si unakulia meza ya Wachuka mpaka leo?"

Picha zikaendelea kupita bila mfasiri. Kisha ikatoka sauti kwenye mabenchi ya wanawake. Nanyama, mkewe, alikuwa amesimama.

"Na wewe, Baba Milcah? Wariara ulimjibu nini?"

Nje, honi ya lori ikalia.

Nicodemus akatoka mbio, bati lake mkononi, na watu wote nyuma yake. Jua liliwachoma macho. Wariara alikuwa tayari juu ya lori na furushi lake la nguo. Njoki alikuwa chini bado, askari amemshika mkono, anataka kumpandisha.

"Huyo ni wangu," Nicodemus akasema.

Askari akamtazama mtoto, akamtazama yeye. "Wako? Nani anajua?"

Nicodemus akawageukia watu wa landi, akainua kipaza sauti. "Anayesema si wangu na aseme! Aseme kwa sauti ile ile aliyokuwa anamtukania yule Mzungu wa handaki!"

Owuor alifungua mdomo, akaona jinsi wanawake wanavyomtazama, akaufunga. Askari akasonya, akauachia mkono wa mtoto.

Njoki akamkimbilia Nanyama. Lori likaondoka kuelekea kambi ya Lanet, Wariara amesimama nyuma, uso ameuelekeza mbele. Hakupunga mkono wala hakugeuka hata mara moja, maana sasa askari alikuwa anamtazama yeye, aone kama atamlilia mtoto.