Hatua za Matopeni

Mwalimu Shedrack alikuwa mtu wa bara, na hatua fupi za mwanariadha wake, Sikujua, zilimkera tangu siku ya kwanza. Binti huyo alikulia delta, kwenye matope ya mikoko, ambako ukirefusha mguu unazama. Basi alikimbia kwa vihatua vya haraka haraka, na alikuwa akishinda hivyo hivyo.

"Unakimbia kama kaa! Refusha mguu, tua na kisigino!" Mwezi mzima alimfokea kwenye lami ya Kibiti. Sikujua aliposema muundi unamuuma, alimwambia aache kudeka.

Sasa daktari alikuwa ameshika picha ya eksirei. Mfupa wa muundi ulikuwa na ufa.

"Nani alikufundisha kutupa mguu mbele namna hii?"

Shedrack alifumbua mdomo. Macho yake yaliganda kwenye kile kiguu chembamba kilichovimba.

"Nilijianzia mwenyewe," Sikujua akawahi kujibu. "Mwalimu alinikataza sana. Mimi ndiye mbishi."

Daktari akamgeukia Shedrack. "Pole, mwalimu. Watoto wa siku hizi hawasikii."

Shedrack akaisikia sauti yake mwenyewe ikijibu, "Kweli, daktari. Hawasikii."