Anayegonga Bomba

Nitegulie hiki, mjukuu wangu: ana mbavu za chuma, hunywa maji ya moto tu, akimeza hewa hugonga. Umeshindwa? Ni rejeta ya ukutani, ile ya kupashia chumba joto.

Ya Doreen, kule Halifax kwenye baridi, ilikuwa moto chini na baridi juu, tena ikigonga mchana kutwa. Na jioni hiyo mjukuu wake mchanga angeletwa kulala chumbani humo. Akamwita Clive, fundi bomba.

"Bomba hili limepenya ukuta. Nani anaishi upande wa pili?" Clive aliuliza.

Doreen akageuka, akaendelea kutandika kitanda cha mtoto.

"Haya, zima joto kwanza, bibi. Usiniunguze, bado sijaoa."

Clive akakinga kitambaa, akalegeza kidogo skrubu ya kutolea hewa. Hewa ikafoka, maji yakafuata, akakaza. Walipowasha, rejeta ikapata joto juu mpaka chini.

Mara bomba likagonga tena, polepole, kama majirani wa mtaa ule wanavyogongeana ukutani kuitana chai.

Clive akarudi nyuma. "Bibi, hiyo si hewa. Nani yuko huko?"

"Hakuna mtu, mwanangu," Doreen alisema, akikikokota kitanda cha mtoto kukitoa nje. "Jirani yangu Winifred tulimzika Pasaka."