Bata wa Kinyozi

Yai lenyewe kinyozi aliletewa alile. Shemeji yake, dereva wa lori la chakula cha mifugo, alilikuta kwenye kiota kilichotelekezwa nyuma ya ghala, akaliona kubwa, la kumtosha mtu mzima na njaa yake, akapita nalo saluni.

"Shemeji, hili likaange na kitunguu," alisema, na kabla hajajibiwa lori lilikuwa limeshaondoka.

Kinyozi, ambaye mtaa mzima ulimwita Wembe, alikuwa na kichwa cha mtu mkononi. Alitazama huku na huku akitafuta pa kuliweka yai lisivunjike. Karibu naye palikuwa na kabati dogo la kupashia taulo, ambalo zamani lilikuwa likitoa mvuke lakini sasa limechoka, linatoa uvuguvugu tu kama wa kwapa. Akaliviringisha yai ndani ya taulo la chini kabisa, akarudi kwa mteja wake. Jioni akafunga saluni, akaenda zake nyumbani, na habari za yai zikamtoka kichwani moja kwa moja.

Siku kadhaa baadaye alikuja Mwalimu Mkuu wa shule ya jirani. Huyu alikuwa mteja wa heshima. Sharubu zake zilikuwa nene, zimepindwa juu pembeni, na wanafunzi walisema huwa zinaingia darasani kabla yake. Wembe alimlaza kitini, akavuta taulo lililokuwa chini kabisa, maana ya juu yote yalikuwa yametumika, akamfunika nalo uso ili ndevu zilainike.

"Wembe," Mwalimu Mkuu alisema kutoka chini ya taulo, "taulo lako linalia."

"Si taulo, Mwalimu. Labda ni tumbo."

"Tumbo langu halijawahi kusema pii."

Wembe aliinama kuangalia. Taulo likatikisika, likafanya kilima kidogo juu ya pua ya Mwalimu Mkuu, na kwenye kilima hicho kikatoka kichwa kilicholowa, cha manjano, kimebandikwa kipande cha ganda kama kofia. Kifaranga alifumbua macho. Kitu cha kwanza alichokiona duniani kilikuwa uso wa Wembe, umeduwaa, mdomo wazi. Alimkazia macho kwa muda mrefu, kama karani anayehakiki picha. Kisha akasema, "Pii," na mambo yakawa yameamuliwa.

Tangu hapo kila Wembe alipokwenda, kifaranga alikuwa nyuma ya kisigino chake. Akienda kuchota maji, yumo. Akienda chooni, analia mlangoni mpaka majirani wanauliza kama kuna mtoto amefungiwa. Wembe alimpa jina la Bibie, akamfunga utepe mwekundu shingoni, akawa anamlisha mkate na biskuti. Watu walikuja kunyolewa hata wasio na nywele, ili tu wamwone. Wembe alijisikia kama mtu aliyepata mtoto uzeeni.

"Ananipenda huyu," alimwambia mkewe.

"Kwani ana wa kukulinganisha naye?" mkewe alijibu. Alikuwa fundi wa nguo, anashonea sebuleni, na pini zilikuwa mdomoni mwake, kwa hiyo maneno yake yalitoka makali kuliko alivyokusudia. Au sivyo.

Tatizo la kifaranga wa bata bukini ni kwamba huwa hakai kifaranga. Bibie alirefuka shingo, akapanuka kifua, manyoya ya manjano yakaondoka yakaja meupe, na sauti ya pii ikageuka kuwa baragumu. Akaanza pia kuwa na maoni. Maoni yake ya kwanza yalikuwa kwamba hakuna mtu anayepaswa kumkaribia Wembe. Sasa kinyozi asiyekaribiwa atanyoa nani? Mteja akiinuka tu kwenda kitini, Bibie alinyoosha shingo sakafuni kama nyoka, akatoa mluzi wa pumzi, halafu akamkamata kwenye nyama ya mguu na kuzungusha. Wanaume wenye vifua vipana walinyolewa wakiwa wamekunja miguu juu ya kiti. Na chini ya kiti hicho hicho Bibie alikuwa amejenga kiota, kikubwa na cha kupendeza, kwa nywele zilizonyolewa. Mteja mmoja alizitambua zake, akaomba arudishiwe. Bibie alikataa.

Nyumbani ndiko hali ilikuwa mbaya zaidi. Jioni moja mke wa Wembe alileta chai, akainama kumwekea mumewe kikombe. Bibie alikuwa nyuma yake. Mayowe yalisikika mpaka barabarani.

"Mume wangu," mkewe alisema baada ya kukaa upande upande juu ya mto, "wanawake wengine angalau huambiwa kwanza. Mimi nimeletewa mke mwenza bila hata kuulizwa!"

"Ni mtoto tu."

"Mtoto? Jana alikuletea vijiti vya kujengea, akaviweka miguuni pako, akainamisha shingo mara tatu. Mimi uliponiposa hukuinamisha hata mara moja."

Wembe alikuwa ameviona vijiti. Na ukweli ni kwamba aliviokota akavipanga vizuri kando ya kitanda, asimvunje moyo.

Mambo yaliharibika kabisa siku ya mkutano wa wazazi. Mwalimu Mkuu alikuja asubuhi kutengenezwa sharubu, kwa kuwa alikuwa na hotuba. Wembe alimfungia Bibie uani, akaegemeza ndoo mlangoni. Alikuwa amemaliza kupunguza upande wa kulia, wembe uko chini ya pua, aliposikia ndoo ikianguka. Bibie aliingia mbio, mabawa wazi, akaruka juu ya mapaja ya Mwalimu Mkuu na kumkamata sikio.

Mwalimu Mkuu aliruka. Mkono wa Wembe uliteleza. Kitu cheusi kikaanguka polepole sakafuni, na Bibie akaacha sikio, akakiokota, akakipeleka kiotani.

Mwalimu Mkuu alijitazama kwenye kioo. Upande mmoja alikuwa yuleyule mkuu wa shule. Upande wa pili alikuwa kijana anayeomba kazi.

"Nyoa na huu," alisema kwa sauti ndogo.

Wembe akanyoa. Mlangoni Mwalimu Mkuu aligeuka. "Wembe, nimekuwa mteja wako miaka mingi. Sasa chagua. Ama huyo, ama mimi." Akaenda mkutanoni, ambako inasemekana mlinzi alimzuia getini akimtaka ajitambulishe.

Shemeji, aliposikia, alikuja na suluhisho lake la siku zote. "Si nilikwambia tangu mwanzo? Kitunguu."

"Nyamaza," dada yake alimkaripia. Hata yeye, pamoja na michubuko yake, hakutaka kusikia habari za sufuria. Wembe alikuwa ameshamkumbatia Bibie, naye Bibie alikuwa anamchambua nyusi, unywele mmoja mmoja, kwa upole mkubwa.

Kesho yake walikwenda kwa daktari wa mifugo. Alikuwa mama mnene mwenye mabuti ya mpira, na hakuwa na muda wa kupoteza. Alimkagua Bibie mdomo, mabawa na miguu, akaukata ule utepe kwa mkasi, akasikiliza kisa chote bila kucheka ila kilipofika kwenye mlinzi wa geti.

"Huyu hana ugonjwa," alisema. "Ila hajui kuwa ni bata. Anadhani ni kinyozi."

"Vipi?"

"Kifaranga wa bata akitoka kwenye yai humfuata wa kwanza anayemwona akitembea. Ndivyo alivyoumbwa, ili asipotezane na mama yake. Huyu alikuona wewe. Sasa ameanza kukua, anataka mwenzi, na wanaume anaowajua duniani ni wewe peke yako. Kila anayekusogelea anakuja kumnyang'anya. Hana ubaya hata kidogo. Anafanya kazi yake vizuri kabisa, sema yupo ofisi ya mtu mwingine."

Wembe alitazama chini. "Nilidhani ananipenda tu."

"Anakupenda. Na wewe ulifurahia, ukamfunga utepe. Unamlisha nini?"

"Mkate. Na biskuti."

"Biskuti!" Daktari alivua miwani. "Baba, angalia hapa. Kuanguliwa kwa yai hakukuwa kosa lako, lakini baada ya hapo kila kitu umefanya wewe. Huwezi kumpeleka pembeni ya mto ukamwacha, atakaa pale anakungoja mpaka mbwa wamle. Kuna mama ana bwawa kule nyuma ya kiwanda cha matofali, anafuga mabata bukini. Utampeleka huko, na utakaa naye mpaka awajue wenzake. Polepole. Itakuchosha."

"Na akikataa kuingia majini?"

"Mama yake ataingia kwanza," daktari alisema, akamtazama Wembe kuanzia juu mpaka chini.

Wembe hakujua kuogelea. Hili lilikuwa jambo ambalo mkewe alilijua, na sasa mama wa bwawa naye alilijua, pamoja na wafanyakazi wa kiwanda cha matofali, ambao walikuwa wamekaa ukutani wakila chakula cha mchana. Alisimama ukingoni akiwa amevaa kaptula aliyoshonewa haraka na mkewe kutokana na pazia la zamani, lenye maua makubwa ya zambarau. Katikati ya bwawa kulikuwa na mabata bukini kama kumi hivi, yakipiga kelele za kikao. Bibie alikuwa amejificha nyuma ya miguu ya Wembe, akitetemeka. Hakuwahi kuona viumbe wa kutisha namna ile.

"Basi nimrushe tu?" Wembe aliuliza.

"Umemlea wewe, utaingia wewe," mkewe alisema. Alikuwa amekuja na kiti chake.

Wembe akapiga moyo konde, akaingia. Maji yalimfika magotini, yakamfika mapajani, zambarau ikaanza kuelea. Bibie alikimbia ukingoni huku na huku akilia, anaweka unyayo majini, anautoa.

"Njoo, Bibie! Maji mazuri!" Wembe alidanganya, meno yakigongana. "Kwang! Kwang!"

"Sauti zaidi!" alipiga kelele mtu wa ukutani.

"KWANG!" akalia Wembe, akapiga hatua moja ya kujiamini, na matope yakamtelezesha. Akazama mzima, mpaka kaptula.

Bibie hakufikiri. Aliruka kutoka ukingoni, mabawa yakipiga maji, na baada ya hapo miguu yake ilifanya kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kuifundisha. Alikata maji kama aliyezaliwa humo. Alipofika mahali mapovu yalipokuwa, alichovya shingo, akamkamata Wembe sikio, akavuta. Wembe akasimama. Maji yalikuwa ya kifuani tu.

Ukutani walipiga makofi. Mke wa Wembe, aliyekuwa ameshavua viatu na kuingia mpaka magotini, alirudi ukingoni haraka akajifanya alikuwa anaosha miguu.

Bibie alimzunguka Wembe mara moja, akamkagua. Halafu akajitazama. Alichovya kichwa, akamwaga maji mgongoni, akachovya tena. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyevaa viatu vya kubana maisha yake yote na sasa amevivua. Dume mmoja wa kijivu alisogea kutoka kwenye kundi, akasimama mbali kidogo, akasema jambo kwa sauti ya chini. Bibie akamtukana. Lakini hakukimbia.

Kila Jumatatu, siku ambayo vinyozi hufunga, Wembe alikwenda bwawani. Kwanza alirudi na Bibie nyumbani. Baadaye akawa anamwacha alale kule, anaondoka kwa kujificha nyuma ya miti kama mdaiwa. Wiki za mwanzo Bibie alilia mpaka mama wa bwawa akapiga simu kulalamika. Baadaye simu zikapungua. Jumatatu moja Wembe alifika, akaita, na Bibie akainua shingo, akamtazama kutoka upande wa pili wa bwawa, akaendelea kula majani pamoja na yule dume wa kijivu.

Wembe alikaa chini kwenye nyasi. Mkewe alikaa karibu naye, karibu kabisa, kama ambavyo hawakuwa wamekaa kwa miezi.

"Inauma?" mkewe aliuliza.

"Kidogo."

"Na mimi iliniuma. Alama bado iko bluu."

Wakacheka, yeye kwanza, kisha mumewe, mpaka mama wa bwawa akatoka nje kuangalia kuna nini.

Mwalimu Mkuu alirudi saluni sharubu zilipoota, akaangalia chini ya kiti kabla ya kukaa, na pia nyuma ya mlango. Kiota kilikuwa kimefagiliwa. Lile kabati la taulo lilikuwa limetengenezwa, linatoa mvuke wa kweli. Mwalimu Mkuu alifumba macho, akajinyoosha, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akasinzia chini ya wembe.

Wembe aliendelea kwenda bwawani hata baada ya Bibie kutomhitaji tena. Mama wa bwawa alimshika mkono, akamwonyesha namna ya kulala juu ya maji bila kupigana nayo, mikono wazi, tumbo juu. Sasa anaogelea, si kwa madaha, anapiga maji kama mtu anayefua blanketi, na watu wa kiwanda cha matofali wameacha kumtazama. Mabata humpisha. Wakati mwingine Bibie hupita karibu naye na dume wake, wanateleza kimyakimya, na Wembe huwapungia mkono, maji yakimwingia mdomoni.