Tuta la Kushoto

Fundi alikuwa akilainisha saruji juu ya kaburi la baba yake, kazi ambayo hakutaka mikono ya mtu mwingine iiguse, mjomba wake alipoingia makaburini akasimama, mkono kiunoni.

"Hapo unamjengea nani, mwanangu?"

"Baba."

"Baba yako tulimlaza pale." Mjomba alionyesha tuta la kulia, lililojaa majani. "Mimi nilikuja na jeneza. Wewe ulikuwa safarini."

Fundi aliweka mwiko chini. Dada yake alikuwa amemwambia kwa simu: ubavuni mwa babu. Ubavuni mwa babu palikuwa na matuta mawili, naye akachagua la karibu bila kuuliza. Sasa alikuwa amemfunika nani? Mama wa watu, pengine, ambaye wanawe wangekuja kesho kumwombea na kukuta jina la mwingine. Kulijengea kaburi la watu ni sawa na kuingia chumbani mwao bila hodi.

"Tumwite mchimba kaburi," alisema kwa sauti kavu.

Mzee huyo alitoka kibandani kwake langoni, akatazama kazi, akacheka hadi akaegemea jembe.

"Hilo si kaburi, fundi. Shimo tu hilo. Asubuhi ile tulianzia hapo, tukakutana na mwamba, tukalifukia na kuhamia kulia. Lilitufika magotini tu. Hata mwanandani, ule uwazi wa pembeni anamolazwa maiti, hatukuufikia. Kaburi lina mwenyewe. Humo hamna mtu."

Fundi hakutosheka na maneno. Alichukua kipande cha nondo, akakididimiza ukingoni mwa tuta, kisha akakipiga kwa nyundo. Kikagonga jiwe. Alijaribu upande wa pili: jiwe. Hapo ndipo alipoweka nyundo na kukaa chini.

"Usilibomoe basi," mjomba alisema. "Akiba haiozi. Siku yako ikifika, nyumba iko tayari."

"Nizikwe humo magoti yakichungulia nje?"

"Utakuwa unatuona tukija kukuzuru."

Mchimba kaburi alicheka tena. Fundi naye, kwa mara ya kwanza siku ile, alicheka. Saruji ilikuwa bado mbichi. Aliichota kwa mwiko, akajaza karai, akahamia kulia na kuanza kung'oa majani juu ya baba yake.