Wizara Isiyo na Soja

...na hapo ndipo ukumbi mzima utacheka, lazima ucheke, maana nitanyamaza kidogo kabla sijasema, nitaweka kiganja mezani hivi, nitasema mabibi na mabwana, ilikuwapo nchi iliyokuwa na Waziri wa Ulinzi, na ofisi ya Waziri wa Ulinzi, na bango la Wizara ya Ulinzi, na haikuwa na mwanajeshi hata mmoja, kisha nisubiri, nisubiri tu... "Usitikisike, Jeptoo, kichwa yako inanikimbia," Mama Nsimire, msusi wangu Mkongomani, anasema juu yangu, anakirudisha kichwa katikati ya magoti yake kwa viganja viwili kama anayetenga sufuria jikoni, na mimi hapa sakafuni kwake, mjini Laurel, nje ya Washington, juu ya mto wa kochi, upande wa kushoto umeshasukwa, wa kulia umesimama kama umepigwa shoti, simu mkononi, na kwenye simu Clement, mwenzangu wa mdahalo, ameandika tena, Ifutwe au ibaki? Waandaaji wanasubiri, ifutwe bwana, unauliza nini, shilingi ilirushwa tukashinda sisi, upande tunachagua sisi, fainali ni kesho pale chuoni, na hoja ni tamu mpaka naogopa, Bunge hili lingeifuta Wizara ya Ulinzi ya Haiti, yaani nimesoma hadi macho yakawasha, hadi kwenye treni ya kuja huku nilikuwa nahutubia kiti cha mbele na mzungu mmoja akahama, ahame, ifutwe, kwa sababu tazama, nchi iliyozaliwa na jeshi, watumwa waliojigeuza jeshi wakawatimua Wafaransa wa Napoleoni na kutangaza uhuru 1804, nani mwingine aliyefanya hivyo, hakuna, halafu jenerali akawa mkuu wa nchi, na baada yake jenerali, na baada yake jenerali, karne nzima wanapokezana ikulu kama watu wanaopokezana kiti cha kinyozi, halafu 1915 wanamaji wa Marekani wakatua, wakalivunja jeshi lile wakaunda jingine, wakalifunza kuwatazama wananchi badala ya kutazama bahari, hiyo ndiyo hoja yangu ya kwanza, jeshi lililogeuzwa uso, na Duvalier baba, rais aliyekuwa daktari wa watu, akaliogopa jeshi akajiundia genge lake la wauaji wa miwani myeusi, na wizara siku hizo ikiitwaje, Mambo ya Ndani na Ulinzi wa Taifa, vyote pamoja, waziri mmoja, anayelinda mpaka ndiye anayekugongea mlango, uwii, hapo nitaipiga meza, nitaipiga mpaka glasi ya Ethan, mpinzani wetu, imwagike... "Wee mdogo wangu, unaongea na nani?"

Huyo ni Dada Benadetha kwenye kochi, Mhaya wa Bukoba, anahudumia wazee majumbani, ametoka zamu, viatu kavua, anasubiri nitoke naye asukwe, na nadhani midomo yangu ilikuwa inacheza, nikamwambia nafanya mazoezi ya mdahalo, dada. "Mdahalo wa nini tena?" Wa Wizara ya Ulinzi ya Haiti, nikasema, na kwa kuwa sikuweza kungoja kesho nikaijaribu kwao, nikanyamaza kidogo, nikasema, ilikuwa wizara isiyo na soja hata mmoja, nikasubiri kicheko. "Soja ni kitu gani?" Mama Nsimire akauliza. "Mlinzi wa getini," Benadetha akamjibu, "Wakenya wanamwita soja. Mume wangu Godlisten si ndiyo kazi yake, analinda ghala la vigae kule Manassas, mwite soja uone atakavyonuna." "Aaa, sentinelle!" akasema Mama Nsimire, akachovya vidole kwenye mafuta, akafikiri kidogo. "Sasa ile wizara bila sentinelle, nani anafungaka portail usiku?" Hapana, Mama Nsimire, si geti, si portail, nimesema soja kwa maana ya mwanajeshi, nchi nzima haikuwa na mwanajeshi. "Si ungesema mwanajeshi!" Benadetha anacheka, "Wizara ya walinzi isiyo na mlinzi, hiyo ni kampuni ya Godlisten siku ya theluji, meneja yuko, simu zipo, walinzi wote wamelala makwao!" na wanacheka wote wawili, wanagongana viganja juu ya kichwa changu, na mimi nimekasirika, maana wamecheka, ndiyo, ila wamecheka mahali pasipokuwa pangu, nimepoteza kichekesho changu kwa ghala la vigae... lakini ajabu, si ajabu, sisi watatu chumba kimoja na mtu mmoja wa getini ana majina matatu na yote yananuka vita, soja wetu ni mwanajeshi wa Kiingereza aliyeachishwa kazi akapewa rungu na tochi, sentinelle wake ametoka kwenye ngome za Wafaransa, na mlinzi wa Benadetha amekaa ndani ya Wizara ya Ulinzi yenyewe, ukisema haraka haraka huwezi kumtofautisha waziri na Godlisten, hiyo niiweke? hapana, kesho ni kwa Kiingereza, itakufa njiani, na Ethan atatabasamu kile kitabasamu chake. Ethan. Nusu fainali, kwenye korido, amesimama na kahawa yake, hakujua niko nyuma, akawaambia wenzake eti wale polisi wa Kenya waliotumwa Haiti ni walinzi wa kukodi tu, wakacheka, nami nikapita katikati yao bila kusema neno, mimi, Jeptoo, bila neno, kwa sababu ningesema nini, kwamba mmoja wao ni kaka yangu Phineas, wa tumbo moja, koplo wa polisi kutoka Eldoret, anayeogopa buibui? na kwamba hilo neno ni langu, Ethan ameliiba, mimi ndiye niliyesema kwanza, siku anapiga pasi sare yake na simu ameiegemeza kwenye kopo la sukari ili tuonane, nikamwambia Phineas, unaacha nyumbani kunawaka maandamano unaenda kuwa soja wa watu, akainua pasi akacheka, akasema "Basi niombee geti lisiwe na mbwa," na tangu siku hiyo kila ujumbe wake anaumalizia hivyo, ni mimi, soja wa watu, na Mama anacheka, na mimi sicheki, mimi nilimaanisha na bado namaanisha, lakini namaanisha kama dada, Ethan anamaanisha kama nani? Kwa hiyo ifutwe, Clement, andika ifutwe, kwa sababu nitasimama nithibitishe mbele ya majaji kwamba wizara yenyewe ni kichekesho tangu mwanzo, na ikiwa wizara ni kichekesho basi kulinda kwa niaba yake ni kichekesho, na ikiwa ni kichekesho basi Phineas arudi nyumbani, ndiyo hivyo, nimeshalisema, sitaki kumshinda Ethan peke yake, nataka kumshinda Phineas, nitamtumia video aione, asikie makofi, afunge begi... nimeshaandika herufi moja, I, na simu inatetemeka mkononi kabla sijafika kwenye F, ujumbe wa sauti, wa Phineas, maana jana usiku nilimuuliza, kwa utafiti tu, huku umewahi kuiona hiyo Wizara ya Ulinzi kwa macho yako?

"Ni nani?" Kaka yangu, yuko Haiti. "Weka kwa nguvu na sisi tusikie," anasema Mama Nsimire, nami naweka, na Phineas anajaa chumba kizima, nyuma yake jenereta na jogoo, "Jeptoo, hiyo wizara yako sijaiona bana, labda tulipita karibu nayo, lakini madirisha ya hili gari ni kama tundu la kibubu, naona dunia kipande kipande. Wanajeshi wao wako, wachache, tunapigiana saluti. Lakini ngoja nikupe kituko. Kuna mama anauza ndizi za kukaanga karibu na kambi, kila nikinunua ananiuliza swali moja kwa Krioli, na mimi nashika neno moja tu, ale, yaani kwenda. Nikajua mama ananifukuza. Nami kwa adabu zangu namjibu kwa ishara, hivi karibuni mama, hivi karibuni naenda, na nikishasema hivyo anafunika beseni lake, anaacha kuongea na mimi. Nikasema sawa, nimechukiwa. Jana mkalimani wetu akatukuta, akaniambia mjinga wewe, hakufukuzi, anakuuliza, ukienda, atabaki nani? Na mimi siku zote namjibu naenda, naenda! Nimekosa jibu, Jeptoo. Wewe ndiye msomi, nitumie jibu nimpelekee. Ni mimi, soja wa watu." Jenereta imekatika, jogoo amekatika, Benadetha anasema "Masikini, yule mama," na Mama Nsimire anasema polepole, "Ale, ndiyo, ni kwenda," vidole vyake vimesimama kichwani mwangu, halafu vinaendelea... atabaki nani. Nani anafungaka portail usiku. Lo. Lo, lo, lo, si swali lile lile, Mama Nsimire ameuliza sasa hivi tukacheka, na mimi nikamsahihisha, si geti, Mama Nsimire, si geti, na kumbe ni geti, ni geti tu, historia yote niliyoisoma ni ya geti, ngoja, ngoja, polepole, lile jeshi lilipovunjwa 1995 ningekuwa kule ningecheza barabarani, lilikuwa limempindua rais aliyechaguliwa, lilikuwa limewaua watu, vunja, sawa, lakini kwenye katiba jina lake likabaki, hawakulifuta, mbona hawakulifuta? nilikuwa nataka majaji wacheke uvivu huo, na baadaye wakaifufua wizara kabla ya jeshi, waziri kwanza, wanajeshi baadaye, vijana wachache wakapelekwa Ekwado kufunzwa wakarudi, na mimi hapo ndipo nimeweka kichekesho changu kikubwa, bosi asiye na watu, lakini ukiigeuza, igeuze Jeptoo, huo ni uamuzi wa watu waliosema jamani kuna siku wageni wataondoka, tuanze na mtu wa kuulizwa, maana wageni wa Haiti wote huondoka, wanamaji waliondoka, wale wa Umoja wa Mataifa wa kofia za buluu waliondoka, na Phineas anaahidi kila siku kwa ishara kwamba naye ataondoka, na ni haki yake, namtaka aondoke, nalia usiku aondoke, basi nani atabaki, wizara ni hilo jibu, hata ikiwa jibu bovu, hata ikiwa imeaibisha, kuifuta ni kumwandikia yule mama rasmi, kwa muhuri, kwamba hakuna atakayebaki, na Phineas hatarudi kwa sababu nimewachekesha wanafunzi wa Washington, atarudi siku mtu wa pale atakapompokea zamu, kama Benadetha alivyopokewa zamu leo asubuhi akavua viatu, huwezi kumwacha mzee peke yake hata kama saa zako zimeisha, unakaa mlangoni na koti umevaa, unasubiri mwenzako, si ndiyo alivyokuwa ananung'unika alipoingia? Hii ni hotuba, hii ni hotuba bora kuliko ile, nitaanza na beseni la ndizi, hapana, nitaanza na swali, nitawauliza majaji na nitawaacha bila jibu... "Lakini sisi tulikuwa na ministre," Mama Nsimire anasema, kama anayeongea na uzi, "tulikuwa na jeshi, tulikuwa na ma-général na tumbo zao. Siku babaya balipoingia Bukavu, ni sisi balibaki, banamama na batoto. Ma-général balikuwa ba kwanza ku bateau, ku boti ya kukimbia." Hilo... hilo Ethan akilipata nimekwisha, wizara ipo, jeshi lipo, na geti liko wazi, na sitalificha, nitalisema mwenyewe kabla yake, nitasema najua, nimekaa kwenye magoti ya mtu aliyeachwa, kuwa na wizara si kubaki, lakini palipo na wizara aliyeachwa anajua pa kupiga kelele, ana mlango wa kugonga, ana jina la kulitukana, yule mama wa ndizi hana wa kumtukana, ana Phineas tu... inatosha? haitoshi, nina usiku mzima, itatosha, au haitatosha na nitashindwa nikiwa nasema kitu ninachokiamini, ambacho sijawahi kukijaribu kwenye mdahalo hata siku moja, loo, na Ethan sasa ataangukiwa na upande wa kufuta, atapata vichekesho vyote, waziri bila wanajeshi, miwani myeusi, mambo ya ndani na ulinzi chini ya mtu mmoja, atavikuta mwenyewe, si mjinga, na atasema walinzi wa kukodi, na safari hii nitakuwa mbele yake na si nyuma yake, ile hotuba nimeijenga mimi, tofali kwa tofali, najua palipo na ufa, kesho nitaipiga hotuba yangu mwenyewe mpaka ianguke, karibu Ethan, karibu sana... Clement anaandika tena, Jeptoo!! ifutwe au IBAKI, na ile I yangu bado iko pale peke yake, haijaegemea popote, ningeweza kuifuata na F kama nilivyokuwa nimekusudia, kidole kinakwenda kwenye B. Ibaki. Nimetuma. Clement papo hapo, Ibaki??? Wewe?? umekunywa nini huko Laurel, na sijamjibu, namwandikia kwanza Phineas, mwambie mama sijui bado, mwambie usimjibu tena kwamba unaenda, mwambie tunatafuta... natazama neno tunatafuta, silifuti... "Jeptoo, mama, unatingishika tena," magoti yanabana masikio yangu, mafuta yananuka, Benadetha ameshaanza kusinzia na mdomo wazi, nje treni ile ile inapita kuelekea mjini, na kichwa changu kiko nusu kama kilivyokuwa. "Geuka, tushike upande ingine."