Kodi ya Msamaha

Karatasi ilifika Februari, na Verna Pettway akakaa nayo mkobani wiki tatu akiamini imekosewa. Ilidai kwamba mwaka uliopita alipata dola elfu arobaini na moja juu ya mshahara wake. Verna anakata mapaja ya kuku kiwandani. Pesa kama hizo hajawahi kuzishika maishani.

"Ni ule mkopo wa chuo uliomchukulia mwanao Colby," alisema Shemasi Lamar, ambaye kila msimu wa kodi huwajazia fomu waumini wenzake kwenye duka tupu kando ya dobi. "Alipofariki waliusamehe."

"Ndiyo, walisamehe. Mpaka barua ya shukrani niliwaandikia."

"Sasa serikali inahesabu deni lililosamehewa kuwa kipato, dada. Na kipato kina kodi."

"Mwanangu kaenda kwenye vita vyao, karudi mapafu yameoza kwa moshi wa takataka walizokuwa wakichoma kambini, kanifia mikononi. Hicho ndicho kipato?"

Lamar alivua miwani. "Kuna mlango mmoja. Kama siku waliyousamehe mkopo madeni yako yalizidi mali yako, hulipi kitu. Nyumba ilikuwa bado na deni la benki?"

Verna alimkodolea macho. Lamar mwenyewe ndiye aliyeshika sinia pale madhabahuni, Jumapili Verna alipochoma hati ya rehani ya nyumba yake, baada ya kumaliza deni la nyumba kwa bima ya jeshi ya Colby. Kanisa zima lilisimama likapiga makofi. Mama yake alichoma yake hivyohivyo, na bibi yake pia. Kwa watu weusi wa Alabama hakuna sherehe inayoizidi hiyo.

"Nililipa Mei," alisema. "Wao walisamehe Juni."

"Ungengoja mwezi mmoja tu kuichukua ile bima..." Lamar aliona haya, akavaa tena miwani.

"Yaani ningekuwa mdaiwa sugu wangenihurumia?"

"Ndivyo sheria ilivyo, dada."

Verna hakuwa na wa kumtolea hasira yake. Lamar alimpangia malipo ya kila mwezi, miaka sita.

"Na nikifa sijamaliza?"

"Hii hawasamehi. Wataidai kwenye nyumba."

Alimsogezea kalamu. Juu ya mstari wa sahihi palikuwa na kiapo kwamba hicho ndicho alichochuma mwaka ule, kweli tupu. Verna alitia sahihi. Lamar akagonga mhuri, akainua macho kuelekea mlangoni, akaita anayefuata.